Darasa linaimba, je, mtoto anasoma?

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha darasa la kwanza nilikuwa na watoto zaidi ya tisini katika chumba kimoja, wanne wanne kwenye dawati na wengine wameketi sakafuni. Nikiandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu na kupitisha fimbo chini ya kila silabi, chumba kizima kiliitikia hadi mabati yakavuma. Wazazi waliopita barabarani walisimama kusikiliza. Nilirudi nyumbani koo limekauka, moyo umeridhika: darasa langu lilikuwa changamfu.

Siku moja nikamwita mbele mvulana aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Nikaweka ncha ya fimbo kwenye bo, bila kuanzia ba. Akanyamaza. Akaitazama fimbo, akanitazama mimi, kisha akaanza kunong'ona tangu mwanzo, “ba, be, bi…”, akikunja kidole kimoja kimoja mpaka akafika. “Bo!” Jibu lilikuwa sahihi, na ndipo nilipoona kosa langu. Hakuwa akisoma. Alikuwa ameshika wimbo, na aliyeshika wimbo mara nyingi hawezi kuuingilia katikati.

Tukizungumza juu ya watoto wadogo darasani, wengi wetu tunauliza watulizwe vipi au wachangamshwe vipi. Mwalimu mmoja anasifiwa kwa sababu darasani kwake unaweza kusikia hata sindano ikianguka, mwingine kwa sababu watoto wake wanaimba na kupiga makofi. Lakini mtoto anaweza kutulia kimya huku akili iko kwenye embe alilolificha mkobani, na anaweza kuimba kwa nguvu zote bila kufikiri chochote. Swali ninalojiuliza siku hizi ni jingine: dakika hii, kichwani mwa huyu, na huyu, na yule wa nyuma kabisa, kuna kazi gani inayofanyika? Mtoto anabaki na kile ambacho akili yake mwenyewe imekihangaikia. Kilichopita masikioni tu kinaondoka pamoja na kengele.

Fikiria kinachotokea tunapoitikia kwa pamoja. Watoto watatu au wanne wanaojua ndio wanaoanza. Wa pembeni anasikia mwanzo wa sauti, “b…”, anaukamilisha, na kwa sikio la mwalimu wote wamesema mara moja. Macho yake yanaweza kuwa dirishani. Sikio limefanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na jicho. Ndiyo maana ile “Mmeelewa?” na jibu lake la “Tumeelewaaa!” haina thamani yoyote kama kipimo, ingawa sote tumeizoea.

Sisemi kuitikia kwa pamoja kufutwe. Kunamsaidia mtoto mwenye aibu kupasha sauti yake akiwa amejificha katikati ya wenzake. Kunamsaidia mtoto wa Kisukuma au wa Kimaasai anayekutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza kuzoesha ulimi. Kunafaa kwa mambo yenye mfuatano, kama siku za juma. Lakini baada ya wimbo lazima ije kazi ambayo jirani hawezi kukufanyia.

Sinia dogo

Kuna sehemu ya akili inayoshika mambo tunayoyatumia sasa hivi. Mimi huifikiria kama sinia. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba mtu mzima anaweza kushika humo takriban mambo saba. Watafiti waliokuja baadaye, akiwemo Nelson Cowan, wameshusha idadi hadi karibu manne kama mambo yenyewe ni mapya. Sinia la mtoto wa miaka sita ni dogo zaidi.

Sasa sikiliza agizo hili la kawaida: “Toeni madaftari, andikeni tarehe, pigeni mstari, halafu nakilini maneno matano ya chini.” Mtoto ametoa daftari, na sinia limejaa. Yale mengine yamemwagika. Anageuka kumtazama jirani ili ajue kinachofuata, naye mwalimu anamwona mtundu asiyesikiliza. Nimewakaripia watoto wengi kwa kosa hilo ambalo halikuwa lao. Agizo moja, subiri litimizwe, kisha jingine: hapo vurugu nyingi huisha zenyewe.

Kusoma nako kunapita kwenye sinia hilohilo. Mtoto anayesoma “kalamu” kwa kuhangaika, ka… la…, anapofika mu ile ka imeshaanguka. Ametamka silabi zote tatu na neno hajalipata. Tunamwambia “soma tena haraka”, kana kwamba tatizo ni uvivu. Dawa ni silabi zizoeleke hata zisichukue nafasi, kama wewe unavyosoma mstari huu bila kuunganisha herufi. Kwa hiyo mazoezi ya kurudiarudia ni ya lazima, na hapa sikubaliani na wanaodhani kurudia ni ushamba. Ila kinachorudiwa kiwe ni kutambua. Mwalimu aonyeshe bu, kisha ba, kisha bo, kisha bu tena, bila mpangilio ambao mtoto anaweza kuukariri. Aandike maneno yasiyo na maana, kama “lobu” au “gepo”, kwa sababu neno lisilokuwepo haliwezi kubahatishwa kwa kutazama picha.

Bahati ya Kiswahili

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba tunashindwa katika lugha ambayo ni rahisi mno kuisoma. Kiswahili kina irabu tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika, na silabi zake karibu zote huishia kwenye irabu. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kusoma. Wa Kifini, ambao lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, walisoma karibu maneno yote ya kawaida waliyopewa. Wanaosoma Kiingereza walipata takriban theluthi moja tu, asilimia 34. Mtoto wa Kifini hakuzaliwa na akili zaidi. Maandishi ya lugha yake hayamdanganyi. Na ya Kiswahili hayadanganyi vilevile.

Hata hivyo, watafiti wa Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walipoanza kupita nyumba kwa nyumba nchini Tanzania mwaka 2010 na kuwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, waliona kwamba katika darasa la tatu ni takriban watoto watatu tu kati ya kumi walioweza kuisoma. Ripoti hizo zilitikisa. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguziwa masomo ili muda mwingi uende kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK tunazozijua. Mwaka uliofuata elimumsingi bila malipo ikaanza, watoto wakafurika, na mwalimu mwenye mtaala mzuri akajikuta na umati.

Msingi wa kusoma hauanzi kwenye herufi. Unaanza sikioni, mtoto anapogundua kwamba neno linaweza kukatwa vipande na vipande vikachezewa. Muulize mtoto, “Sema kalamu bila ka.” Akikujibu “Lamu”, ameshika kamba. “Sema kitabu bila ki.” Anasema “tabu” na darasa zima linacheka, nawe umepata bila chaki wala karatasi mazoezi ambayo wataalamu wa usomaji huyatafuta kila mahali.

Sisi tuna mchezo mkubwa zaidi wa aina hiyo, nao ni kinyume. Watoto wa pwani wamezungumza kinyume tangu zamani: unachukua silabi ya mwisho ya neno, unaileta mbele. Nyumba inakuwa “mbanyu”, kitabu “bukita”. Ili mtoto aseme “bukita” lazima alikate neno mahali panapostahili, ashike vipande vitatu kwenye sinia lake, avipange upya na kuvitamka, yote kwa kupepesa jicho na kwa furaha ya kuzungumza siri mbele ya wakubwa. Sijui kwa nini mchezo huu unaachwa nje ya lango la shule. Ningekuwa na uwezo, kila mwalimu wa darasa la awali angekuwa na dakika kumi za kinyume kila asubuhi.

Baada ya sikio kufunguka, herufi zinapata mahali pa kukaa. Zipo sehemu ngumu, na ni vizuri kuzijua mapema: ile m inayosimama peke yake, ambayo mtoto huiandika “mutoto” kwa sababu hajaambiwa kwamba m-to-to ni mapigo matatu, mbwa, neno fupi lenye mapigo mawili, ng'ombe na ngoma, ambazo alama moja ndogo inazitenganisha. Hizo zipewe wiki zake. Nyingine zinakwenda kasi.

Kwenye hesabu kuna wimbo vilevile

Mtoto wa miaka mitatu au minne anaweza kuimba moja hadi kumi bila kukosea, na bibi yake akafurahi kwa haki kabisa. Mwekee vizibo vya soda mkekani umwambie, “Nipe vinne.” Wengi watakupa konzi nzima. Mwanasaikolojia Karen Wynn alieleza jambo hili mwaka 1990: mtoto hujua majina ya namba muda mrefu kabla hajajua kwamba neno la mwisho analotamka ndilo idadi ya vitu vyote, na huvuka daraja hilo kwa hatua. Anakuwa na uhakika wa kimoja, miezi ikapita, akawa na viwili, kisha vitatu, ndipo ghafla mlango ukafunguka kwa namba zote.

Namba zetu zinamsaidia na kumsumbua. Kumi na moja, kumi na mbili: jina lenyewe linaonyesha kumi na kinachoongezeka, kwa hiyo fungu la vijiti kumi na vijiti viwili pembeni linasema kitu kilekile kinachosemwa na mdomo. Halafu ghafla ishirini, thelathini, arobaini, maneno yaliyotoka Kiarabu ambayo hayaonyeshi wapi kumi zimejificha. Hapo mtoto anahitaji kufunga vijiti kumi kumi kwa uzi, kwa mkono wake, mara nyingi, mpaka aone kwamba arobaini ni mafungu manne. Kumchorea ubaoni hakutoshi.

Somo lililo mbali na mtoto

Utafiti ninaourudia kila nikisikia fedha zinatafutwa za kununua vifaa ulifanyika Busia, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1990. Mchumi Michael Kremer na wenzake walifuatilia shule zilizogawiwa vitabu vya kiada. Kila mtu alitarajia alama zipande. Zilipanda kwa wale tu waliokuwa tayari wanafanya vizuri, kwa sababu vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa pale, na vilikwenda kasi kuliko walivyoweza kufuata. Kwa waliobaki, kitabu kilikuwa karatasi. Chati za ukutani nazo zilijaribiwa, hazikuleta tofauti.

Mwaka 2005 ulikuja utafiti mwingine wa Kremer, Esther Duflo na Pascaline Dupas, katika shule 121 za ukanda huohuo. Kila shule ilipata mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Katika nusu ya shule, watoto waligawanywa madarasa mawili bila kuangalia uwezo. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa kiwango walichofikia. Wengi wangeogopa kwamba wale wa nyuma, wakitengwa na wenzao wa mbele, watazama. Baada ya mwaka mmoja na nusu, walioko kwenye shule za mgawanyo wa pili walikuwa wamejifunza zaidi, wa mbele na wa nyuma pia. Mwalimu aliyesimama mbele ya watoto wa kiwango kinachokaribiana aliweza kusema nao.

Mimi huusoma utafiti huo pamoja na ule wa vitabu. Mtoto husikiliza pale anapoona njia ya kufika. Si kweli kwamba usikivu wake una kipimo cha dakika kilichowekwa, kama tunavyoambiwa kwenye semina. Huyohuyo anayechoka baada ya dakika tano za somo anaweza kucheza mdako nusu saa, akirusha, akidaka, akikosa na kuanza tena, kwa sababu kila jaribio liko juu kidogo tu ya uwezo wake na matokeo anayaona papo hapo. Mrushie la juu mno, anaacha. Mrushie la chini mno, anaacha pia. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi, aliliona eneo hilo la katikati, ambalo mtoto hulifikia akishikwa mkono na kesho akalifikia mwenyewe, kuwa ndilo shamba halisi la ufundishaji.

Vitabu, basi, havina kosa. Kenya ilipoanza mpango wa Tusome mwaka 2015, kila mtoto alipewa kitabu chake, kilichoandikwa kwa hatua alizozifikia, na mwalimu akawa na mwongozo na mtu wa kumtembelea darasani. Waliojua kusoma waliongezeka.

Tisini, na mwalimu mmoja

Nasikia mwalimu akisema: haya yote ni ya darasa la watoto ishirini. Nimekuwa upande huo wa ubao, na sitaki kumdanganya. Umati unaumiza. Lakini vipo vitu vinavyowezekana hata hapo.

Kila mtoto awe na mahali pa kuandikia jibu lake: kibao kidogo cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, jalada la boksi, hata vumbi la uwanjani kwa kidole. Mwalimu anatamka “kuku”, wote wanaandika, wote wananyanyua, naye kwa mtazamo mmoja anawaona waliopata na anaona kosa linalojirudia. Kwenye hesabu vidole vinatosha. Muhimu wanyanyue kwa ishara moja, wasiige. Na wale kumi na watano walionyanyua patupu ndio aende nao chini ya mti kwa robo saa, wakati wengine wanasomeana wawili wawili.

Pia asubiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani miaka ya 1970, alikuta walimu wakiuliza swali na kuvumilia takriban sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, watoto waliojibu waliongezeka na majibu yakawa marefu.

Kusubiri kuna utaratibu wake kwetu, wa tangu enzi. “Kitendawili!” “Tega!” “Nyumba yangu haina mlango.” Halafu kimya. Hakuna anayemharakisha mtu, kila kichwa kinatafuta, na asiyejua haaibiki kukisia. Wakishindwa, mtegaji anaomba mji, anapewa, anajitapa nao kidogo, ndipo anatoa jibu: yai. Tazama jinsi wazee walivyopanga jambo hili. Kila mtu amefikiri kabla ya kusikia jibu, na kutafuta jibu kichwani, hata ukalikosa, hulifanya likae zaidi unapolipata. Anayeshindwa analipa mji, mali ya mdomo tu, na mchezo unaendelea. Linganisha na darasa ambalo kukosea kunalipiwa kwa fimbo ya mkononi au kwa kicheko. Mtoto mwenye hofu ameshajaza sinia lake kwa hofu, na hapana nafasi ya silabi. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu bado tunabishana, na kila tunapobishana mtoto fulani anajifunza kwamba usalama uko kwenye kunyamaza.

Jambo moja niliweke pembeni, kwa kuwa linafundishwa sana: kwamba kuna mtoto wa kujifunza kwa macho, mwingine kwa masikio, mwingine kwa mikono. Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za jambo hilo mwaka 2008 na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kufundisha kwa kugawa watoto hivyo. Silabi inahitaji jicho na sikio la kila mtoto. Idadi inahitaji mkono wa kila mtoto. Na kabla ya yote hayo, kikombe cha uji: aliyetembea kilomita nne bila kula chochote hataitikia mbinu yoyote.

Yule mvulana wa bo nilikaa naye chini ya mwembe mara tatu kwa juma, yeye na wenzake kumi na wawili, tukichanganya kadi za silabi nilizokata kwenye maboksi ya sabuni na kuzungumza kinyume. Muhula wa pili, wakati wa mapumziko, alinivuta sketi hadi pembeni mwa uwanja. Alikuwa ameandika kwa kijiti ardhini, herufi zimepinda lakini zote zipo: mumwali.

“Soma, mwalimu.”

Nikasoma. Nikajaribu kugeuza, nikakwama. Alisubiri, mikono nyuma, kama mimi ninavyosubiri.

“Umeshindwa. Nipe mji.”

Nikampa Lamu.

“Nimekwenda Lamu, nimekula samaki, nimerudi.” Akainama, akaweka kidole chini ya kila kipande, akianzia katikati. “Mwa. Li. Mu. Ni wewe.”